Nani Anayeishika Nati?

Mitaa mingi ya ndani ya Kigali imetandikwa mawe. Lami iko kwenye barabara kubwa. Ukiiacha na kupanda kilima kuelekea majumbani, tairi linapokea jiwe, halafu jiwe, halafu jiwe jingine. Pikipiki za abiria, ambazo wenyeji huziita moto na madereva wake wamotari, hupita humo tangu alfajiri hadi usiku. Kila jiwe humpa abiria mtikisiko mdogo anaousahau papo hapo. Nati za gurudumu la nyuma hazisahau.

Pale Gatsata, mtaa unaojulikana jijini kwa gereji na maduka ya spea, ipo nati ambayo fundi huichagua akitaka kulala bila wasiwasi. Mdomoni ina pete ya nailoni, mara nyingi nyeupe au ya buluu. Mafundi huiita loknati. Vitabu vya uhandisi huipa jina refu zaidi: nati inayojifunga yenyewe. Ni jina la majivuno. Linadai kwamba kipande cha chuma kisicho na akili, kisicho na macho wala hofu ya Mungu, kinaweza kujilinda pasipo mlinzi. Dai hilo likichukuliwa kwa uzito linatoka gereji na kuingia mahali ambapo mapadri, mashehe na wanafalsafa wamebishana karne nyingi: je, uaminifu ni sifa iliyomo ndani ya kitu, au ni kazi ya mtu anayekiangalia?

Rwanda inaye mtu wa kuulizwa. Alexis Kagame, padri wa Kikatoliki aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, aliandika kwa Kifaransa kitabu juu ya falsafa ya Wanyarwanda kuhusu kuwapo kwa vitu, kikachapishwa Brussels mwaka 1956. Aliyachukua makundi kumi ya Aristotle akayapanga upya kwa kufuata Kinyarwanda, akabaki na manne. Umuntu ni chenye akili. Ikintu ni kisicho na akili, na humo mnaingia jiwe, mti, mbuzi na, kwa vyovyote, nati. Ahantu ni mahali na wakati. Ukuntu ni namna: wingi, sifa, uhusiano, kutenda, kutendwa, mkao na kumiliki, makundi saba ya Aristotle yaliyotiwa chungu kimoja. Na ukuntu, kwa Kagame, hausimami peke yake. Ni lazima ukae juu ya mtu au juu ya kitu.

Wapo waliompinga. Paulin Hountondji wa Benin aliwasuta waandishi wa mkondo huo kwa kuubebesha umma mzima falsafa iliyotungwa na mtu mmoja mezani kwake. Ni hoja ya haki. Lakini hata kama mgawanyo huu ni wa Kagame peke yake, unaifaa kazi iliyopo hapa. Kujifunga kwa nati kuwekwe kwenye kundi lipi?

Jibu la haraka ni ikintu: nati yenyewe ndiyo inayoshika. Hesabu za shuleni zinaelekea kukubali. Hesi ya bolti ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo. Chukua bolti ya M10, ya kawaida kabisa, ambayo nati yake husogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Ukiikunjua hesi hiyo unapata mteremko wa digrii 3 hivi. Msuguano wa chuma kwa chuma unaweza kuuzuia mzigo usiteleze hata kwenye mteremko wa digrii 8. Kwa hesabu hiyo kila bolti ya kawaida duniani inajifunga yenyewe, iwe na pete ya nailoni au isiwe nayo, na pasingekuwa na nati hata moja iliyopata kulegea.

Zinalegea, tena kila siku.

Kosa la hesabu hiyo linaanzia kwenye maana ya kukaza. Anayezungusha spana anadhani anaisukuma nati. Kwa kweli anaivuta bolti. M10 ya daraja la 8.8 ikikazwa kwa newtoni-mita 49 hivi, huvutwa kwa kani ya kilonewtoni 27 hivi, karibu uzito wa tani 2.7. Kama imebana vipande vyenye unene wa milimita 50, inarefuka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi. Mnyumbuko huo mdogo ndio ushikaji wenyewe. Rangi ikibanwa, kutu ikimeguka, nyuso za vyuma zikilaliana, sehemu ya karatasi hiyo inatoweka na kani inashuka nayo. Bolti fupi huumia zaidi, kwa sababu mnyumbuko wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo na upotevu ule ule unaukomba karibu wote. Ndiyo maana mhandisi anayejua kazi yake hupendelea bolti nyembamba na ndefu kuliko nene na fupi, jambo linalowashangaza wote waliozoea kudhani kwamba unene ndio nguvu.

Na jasho la fundi linakwenda wapi? Wahandisi hukadiria kwamba katika kila sehemu 100 za nguvu ya kukaza, 50 hivi huliwa na msuguano chini ya nati, 40 huliwa na msuguano wa hesi, na 10 tu ndizo zinazoivuta bolti. Tone la grisi linatosha kuvuruga mgawo huo. Hata kwa spana ya kupimia, kani inayopatikana inaweza kukosana na ile iliyokusudiwa kwa asilimia 25 au zaidi. Kumbe kushika hakumo ndani ya nati, wala hakumo ndani ya bolti. Kumo katika namna vinavyogusana, pamoja na grisi, rangi, kutu na mkono uliokaza. Kwa Kagame hilo ni ukuntu, na ukuntu, kama alivyosema, hausimami peke yake.

Aliyeonyesha jinsi ukuntu huo unavyobomoka ni mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969. Kabla yake wengi waliamini kwamba bolti hulegezwa hasa na mivuto inayokwenda sambamba na urefu wake. Junker alitengeneza mashine ya kuvitikisa vipande vilivyobanwa kwa upande, kushoto na kulia, akaona nati zikijifungua zenyewe mbele ya macho yake, ndani ya muda mfupi, bila mtu kuzigusa.

Sababu yake inaonekana hata kwa gunia lililowekwa juu ya ubao wa mshazari. Gunia limetulia, haliteremki. Mtu akiusukasuka ubao kwa upande, gunia linaanza kushuka kidogo kidogo, ingawa hakuna aliyelisukuma chini. Msuguano ukishatumika kupambana na mwendo wa pembeni, hakuna unaobaki wa kuzuia mwendo wa kushuka. Nati iliyokaa kwenye mteremko wake wa digrii 3 hushuka vivyo hivyo, nywele kwa nywele. Mhubiri angeweza kupata hapa mahubiri ya Jumapili nzima: binadamu naye haangushwi sana na pigo la mbele alilojiandaa kwalo. Makala haya hayana mimbari, kwa hiyo yaendelee na nati.

Kuanzia hapo historia ya vifungio ni historia ya watu wanaotafuta namna ya kutoitegemea kumbukumbu ya fundi. Waliofika mbali wachache, waliojidanganya wengi.

Mfano wa kujidanganya ni washa ya springi, ile pete iliyokatwa na kupindwa kidogo, inayopatikana katika kila duka la spea kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Mwaka 1990 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa mwongozo wake wa usanifu wa bolti na nati. Mwongozo huo ulieleza kwamba pete hiyo hulala bapa kabla bolti haijamaliza kukazwa, na ikishalala haina tofauti na washa ya kawaida. Kwa kazi ya kuzuia kulegea haina faida. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado inauzwa kwa mamilioni. Fundi huiweka kwa sababu aliyemfundisha aliiweka, na pikipiki isipoharibika pete ndiyo inayopata sifa. Dini zina neno kwa ibada iliyobaki umbo baada ya kutokwa na roho. Gereji hazina, ingawa zingelihitaji.

Pete ya nailoni ni ya kweli zaidi, ila kazi yake haieleweki vizuri. Plastiki hulibana jino la hesi na kuifanya nati izunguke kwa shida hata ikiwa haijabana kitu. Kwa hiyo nati haitadondoka barabarani. Haimaanishi kwamba itaendelea kubana. Joto likipita nyuzi 120 hivi nailoni hulainika, basi loknati ya aina hiyo haina kazi karibu na ekzosi. Na kila ikifunguliwa na kurudishwa, mshiko wake hupungua, ndiyo maana vitabu vingi vya watengenezaji huagiza nati mpya kila mara.

Tofauti hiyo kati ya kutodondoka na kushika inaonekana wazi zaidi kwenye nati ya taji, ile yenye mapengo sita kichwani na pini inayopenya kwenye tundu la bolti. Wengi huiona kuwa ndiyo ya kuaminika kuliko zote, kwa kuwa pini inaonekana kwa macho. Lakini kutoka pengo moja hadi jingine ni digrii 60, na kwa bolti ile ya M10 digrii 60 ni robo ya milimita ya mwendo. Mnyumbuko wote ulikuwa sehemu moja ya kumi. Fundi akiirudisha nati nyuma kidogo ili pini ipate tundu, anaweza kuumaliza mnyumbuko wote kwa mkono wake mwenyewe, kisha akapigilia pini na kuondoka ameridhika. Nati ipo, pini ipo, hakuna kinachobanwa. Hapa swali la uaminifu linapata sura ya chuma. Aliyezuiwa kutoka hajathibitisha kwamba anashika, kama vile mwizi aliyefungiwa ndani hajathibitisha kwamba ameacha kuiba. Wanazuoni wa Kiislamu waliotanguliza nia mbele ya tendo, na Wakristo waliotofautisha kutii sheria na kupenda, wangelitambua tatizo hili mara moja.

Mvumbuzi aliyelikabili vizuri kuliko wengi alipata wazo lake katika nyumba ya ibada. Katsuhiko Wakabayashi wa Japani alikuwa tayari ameuza nati ya kuzuia kulegea, na wateja waliokuwa na mashine zenye mtikisiko mkali walimrudia na malalamiko. Inasimuliwa kwamba alipokuwa katika hekalu la Sumiyoshi mjini Osaka aliangalia lango lake la mbao na kuona kabari zilizopigiliwa kwenye maungio. Kutokana na kabari hizo, katika miaka ya 1970, alibuni nati mbili zinazoingiliana: ya chini ina kichwa kilichosogezwa kidogo nje ya kitovu, ya juu ina shimo linalokipokea, na zikikazwa pamoja moja huigeukia nyingine kuwa kabari. Treni za mwendo kasi za Shinkansen huzitumia. Pale mshiko hautegemei plastiki wala bahati ya msuguano, na wahandisi waliochoka kurudia kazi hawafichi furaha yao.

Je, basi Wakabayashi ameifanya nati ijifunge yenyewe? Karibu. Sharti ni moja: lazima mtu aifunge.

Sharti hilo linaonekana dogo mpaka lisomwe katika ripoti za ajali. Tarehe 10 Mei 2002 treni iliacha reli Potters Bar, kaskazini mwa London, watu 7 wakafa. Nati za kushikilia reli za njia panda zilikuwa zimelegea na nyingine hazikuwapo. Kampuni iliyopewa kandarasi ya matengenezo ilisema mwanzoni kwamba huenda kuna mtu aliyefanya hujuma. Wachunguzi hawakuupata ushahidi wa hujuma. Walikuta matengenezo mabovu. Tarehe 20 Agosti 2007 ndege ya China Airlines, Boeing 737-800, aina ambayo RwandAir nayo huitumia, iliungua uwanjani Naha, Okinawa, baada ya bolti kuchomoka ndani ya bawa na kulitoboa tangi la mafuta. Watu wote 165 walitoka salama. Chanzo kilikuwa washa moja iliyokosekana upande wa nati, na ilipotea pale mafundi walipokuwa wakifanya kazi iliyoagizwa ili nati hiyo isilegee. Na tarehe 5 Januari 2024 ndege mpya ya Alaska Airlines ilipoteza paneli ya ubavuni muda mfupi baada ya kuruka kutoka Portland. Bolti nne za kuizuia paneli hiyo, pamoja na nati zake za taji na pini zake, hazikuwapo. Zilitolewa kiwandani wakati wa ukarabati na hazikurudishwa, wala haikupatikana kumbukumbu iliyoandikwa ya kazi hiyo.

Katika visa vyote vitatu kilicholeta hatari ni kukosekana kwa kitu. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba ubaya si dutu inayosimama yenyewe. Ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwapo. Wanafunzi wa teolojia huona fundisho hili likielea hewani, maana wizi na mauaji vinaonekana kuwa vitu kamili. Wangelikuta chini, kwenye sakafu ya karakana, ambako washa isiyokuwapo inaweza kuiteketeza ndege nzima. Wale waliomtafuta mhujumu pale Potters Bar walifanya kile ambacho binadamu hufanya kila anapoumia: walitaka ubaya uwe na uso. Hawakuupata, kwa sababu hakuna aliyekuja kuzilegeza nati. Aliyehitajika ni aliyepaswa kuja kuzikaza.

Hapo tunarudi kwa umuntu wa Kagame, lakini kwa tahadhari. Kuna wanaosema kwamba basi vifaa havina maana, cha muhimu ni fundi mcha Mungu. Hao hawajafanya kazi ya usiku. Mtu huchoka, husahau, huhamishwa zamu bolti zikiwa bado kwenye sahani. Usanifu mzuri ni huruma kwa udhaifu huo, na asiyeutumia kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu anamjaribu Mungu.

Abiria wa Kigali anayekwenda Biryogo, ambako Kiswahili kina mizizi mirefu kuliko mahali pengine jijini, anaweza kuisikia misikitini hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Mara nyingi hadithi hiyo huhubiriwa kama ruhusa ya kutumia kamba, na mazungumzo huishia kwenye kamba. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbele zaidi katika maelezo yake juu ya tawakali. Mwenye njaa aliyewekewa chakula na akakataa kunyoosha mkono, akidai anatawakali, kwa Ghazali ni mwendawazimu. Ila hata anayenyoosha mkono, moyo wake usiuegemee mkono wala chakula, kwa kuwa mkono unaweza kupooza na chakula kikaporwa. Njia itumike, moyo usiwekwe juu yake.

Uhandisi wa nati umefika pale pale kwa kupitia ajali. Kifaa kitumike, tena kilicho bora, na kisigeuzwe mungu. Kabari ya Wakabayashi inampunguzia fundi mizunguko ya ukaguzi, na imani iliyokuwa juu ya mkono wake inahamia kwa msanifu, kwa mkaguzi na kwa karatasi iliyotiwa saini. Imani hiyo haijafutwa, imebadilishiwa watu. Jina la nati inayojifunga yenyewe linawaficha watu hao, na hiyo ndiyo dosari yake kubwa: linahesabia ikintu kazi ya umuntu. Kigali ina kituo cha polisi cha kukagua magari, na kazi yake ni kurudisha macho ya mtu juu ya vitu vinavyodhaniwa kujilinda. Pikipiki inayopita kwenye mawe kutwa nzima inahitaji macho hayo hata zaidi.

Kwa hiyo anayekwenda Gatsata wiki hii asinunue loknati iliyokwisha kutumika, hata ikiwa imeoshwa ikang'aa, na asikubali ifungwe karibu na ekzosi. Pini ya nati ya taji ikikataa kuingia, mwambie fundi aisogeze nati mbele hadi pengo linalofuata, asiirudishe nyuma. Na gari likifungwa gurudumu upya, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hata kama hakuna sauti yoyote inayosikika.